Jina la Baba na Alama za Mtihani

Mhadhara wa wazi kuhusu udahili katika vyuo vikuu teule vya Marekani



Oktoba 2018, katika mahakama ya shirikisho mjini Boston, Chuo Kikuu cha Harvard kililazimika kufanya jambo ambalo kisingelifanya kwa hiari yake: kuanika takwimu za mafaili yake ya udahili mbele ya hakimu. Kesi ilikuwa imefunguliwa na kundi liitwalo Students for Fair Admissions, lililodai kwamba chuo kinawaonea waombaji wenye asili ya Asia. Lakini mafaili yakishafunguliwa hayasemi lile tu uliloyaitia. Yalionyesha kwamba katika miaka sita iliyochunguzwa, mwombaji ambaye mzazi wake alisoma Harvard alikuwa na nafasi ya karibu asilimia 33 ya kupokelewa. Asiye na mzazi wa namna hiyo alikuwa na karibu asilimia 6.

Peter Arcidiacono, mchumi wa Chuo Kikuu cha Duke aliyekuwa shahidi wa upande wa walalamikaji, alizichambua takwimu hizo zaidi akiwa na wenzake. Walikuta kwamba miongoni mwa wanafunzi Wazungu waliopokelewa, asilimia 43 walikuwa ama wanamichezo waliotafutwa na makocha, ama watoto wa wahitimu, ama watoto wa wafanyakazi wa chuo, ama watu waliowekwa kwenye orodha maalumu ya mkuu wa udahili, orodha ambamo huwamo jamaa za wafadhili. Miongoni mwa waliopokelewa ambao ni Weusi, Waasia au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kundi hilo halikufika asilimia 16. Na wakakadiria kwamba karibu robo tatu ya Wazungu hao waliobebwa wangekataliwa kama wangepimwa kama mtoto mwingine yeyote.

Nimeanza na takwimu hizi kwa sababu kwetu Afrika Mashariki jina la Harvard au Yale linamaliza mabishano. Tukisikia fulani amesoma kule, hatuulizi tena. Tunaamini kilichomwingiza ni akili zake. Wengi wao ni kweli ziliwaingiza akili zao. Lakini mlango huo una walinzi, na walinzi hao kwa miaka mingi wamekuwa wakiuliza swali ambalo kila mtu hapa amewahi kuulizwa katika ofisi fulani: wewe ni mtoto wa nani?

Ninalotaka kulitetea leo ni hili. Kati ya vipimo vyote vinavyotumiwa na vyuo hivi, mtihani sanifu, yaani SAT na mwenzake ACT, una kasoro kubwa ambazo sitazificha. Hata hivyo ndicho kipimo ambacho familia yenye nguvu hupata taabu zaidi kumrithisha mtoto wake. Kwa hiyo chuo kinachoufuta mtihani na kubakiza upendeleo wa watoto wa wahitimu kinamwonea mtoto wa maskini mara mbili, hata kama kinafanya hivyo kwa maneno mazuri ya usawa.

Turudi nyuma miaka 100. Mwanzoni mwa karne ya 20, kuingia Harvard, Yale au Princeton hakukuwa na msongamano tunaouona leo. Ulifanya mtihani wa kuingilia, ukafaulu, ukalipa ada, ukaingia. Mtihani huo ulifuata mafunzo ya shule za bweni za matajiri wa New England, kwa hiyo waliofaulu walikuwa zaidi ni watoto wa nyumba zilezile. Mambo yalibadilika walipokuja watoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki. Watoto hawa walisoma shule za serikali za Boston na New York, wakaufanya mtihani uleule, wakaushinda. Kufikia 1922 walikuwa zaidi ya mmoja kati ya kila wanafunzi watano wapya wa Harvard. Kufikia 1925 walizidi robo.

Mkuu wa chuo, A. Lawrence Lowell, aliliona hilo kuwa balaa. Mwaka 1922 alitaka Wayahudi wawekewe kiwango cha mwisho, na alitaka hivyo waziwazi. Kamati ya chuo chake haikukubali. Basi akapita njia nyingine: chuo kiweke ukomo wa idadi ya wanafunzi, kisha kichague kwa kutazama tabia, haiba, malezi na picha ya mwombaji. Fomu ikauliza rangi na dini, jina la mama kabla ya kuolewa, baba alizaliwa wapi, na kama jina la familia limebadilishwa tangu mtoto azaliwe. Mnaelewa swali hilo la mwisho lilikuwa linamsaka nani. Kuanzia 1926 idadi ya Wayahudi ikashuka, na haikushushwa na mtihani. Ilishushwa na vile vipimo ambavyo mtu hawezi kuvikatia rufaa: haiba, tabia, kufaa.

Katika miaka hiyohiyo ndipo upendeleo wa watoto wa wahitimu ulipoandikwa kuwa kanuni. Chuo cha Dartmouth kiliuweka mwaka 1922, kilipoanza utaratibu mpya wa kuchagua wanafunzi. Yale mwaka 1925 ikaamua kwamba ukomo wa nafasi usimzuie mtoto wa mhitimu wa Yale aliyetimiza masharti. Nazitaja tarehe hizi kwa makusudi. Watetezi wa upendeleo huu huuita mila ya kale ya vyuo vyao, kana kwamba ulikuja pamoja na mawe ya msingi. Harvard ilianzishwa mwaka 1636. Ilikaa karibu karne tatu bila kuhitaji kanuni ya kumlinda mtoto wa mhitimu, kwa sababu hakukuwa na wa kumsukuma. Kanuni ilikuja siku walipotokea watoto wa fundi cherehani waliokuwa wakijibu maswali vizuri kuliko yeye.

Na mtihani wenyewe je? Hapa lazima niseme ukweli usiopendeza, maana baadhi yenu mnaujua na mnasubiri kuona kama nitauruka. SAT ilifanywa kwa mara ya kwanza tarehe 23 Juni 1926, na watahiniwa wapatao 8,000. Aliyeiunda ni Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Princeton, aliyekuwa ameshughulika na majaribio ya akili yaliyofanyiwa wanajeshi wa Marekani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kutokana na majaribio hayo aliandika mwaka 1923 kitabu kilichodai kwamba watu wa Ulaya ya Kaskazini wana akili kuliko wengine, na kwamba kuchanganyika na hao wengine kunashusha akili ya taifa. Kitabu hicho kilipendwa na waliotaka wahamiaji wazuiwe. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe aliyakana kwa maandishi aliyoyasema na kukiri kwamba hitimisho lake halikuwa na msingi. Lakini mtihani ulikuwa umeshazaliwa, na umezaliwa katika nyumba hiyo.

Anayetaka kuukataa mtihani kwa sababu ya ukoo wake ana haki ya kukasirika. Mimi nitamwomba asome sura inayofuata. Mwaka 1933 Harvard ilipata mkuu mpya, James Bryant Conant, mkemia. Conant alichoshwa na kuona chuo chake kinajazwa vijana wa familia zilezile za pwani ya mashariki. Aliwatuma wasaidizi wake, mmoja wao akiwa Henry Chauncey, watafute mtihani utakaoweza kumtambua kijana mwenye kichwa kizuri aliyesoma shule isiyojulikana, maelfu ya kilomita kutoka Boston. Wakamletea SAT. Ikaanza kutumika kuchagua vijana wa Magharibi ya Kati ya Marekani ambao wangesomeshwa bure au kwa msaada mkubwa.

Mmoja wa vijana hao aliitwa James Tobin, wa mji wa Champaign katika jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari aliyefanya kazi katika chuo kikuu cha jimbo, mama yake mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Tobin alikuwa amejiandaa kusoma chuo cha nyumbani. Alifanya mitihani ya udhamini huo wa Harvard, akachaguliwa, akaingia mwaka 1935. Mwaka 1981 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hakuna swali la haiba, wala picha, wala babu ambaye angempeleka Tobin Massachusetts. Mtihani ulimpeleka. Mwaka 1947 ukaanzishwa mfumo wa kudumu: shirika la Educational Testing Service, Chauncey akiwa mkuu wake wa kwanza, na tangu hapo mtihani ukaenea nchi nzima.

Basi tangu miaka ya 1930 vyuo hivi vimekuwa na mikono miwili. Mmoja unamvuta kijana wa Champaign, mwingine unamshika mtoto wa mhitimu asianguke. Mara chache mikono hiyo imepigana hadharani. Katika miaka ya 1960 Yale ilimpa kazi ya udahili kijana aitwaye R. Inslee Clark, naye akapunguza nafasi za watoto wa wahitimu na kwenda kutafuta wanafunzi katika shule za serikali. Aliitwa kujieleza mbele ya baraza la chuo. Mjumbe mmoja akamwonyesha waliokaa mezani na kumweleza kwamba viongozi wa Marekani ndio hao, na kati yao hakuna Myahudi wala aliyetoka shule ya serikali. Clark hakurudi nyuma. Lakini upendeleo nao haukuondoka. Ulipunguzwa tu, ukangoja.

Sasa tuje karibu. Julai 2023 wachumi watatu, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, walitoa utafiti ambao kwangu ndio uliofunga mjadala. Walipata kumbukumbu za kodi za wazazi, alama za mitihani na kumbukumbu za udahili, wakazioanisha. Walitazama vyuo 12: vile vinane vya kundi la Ivy League, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton na Dartmouth, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Waliwachukua vijana wenye alama zinazolingana kabisa, wakauliza: mtoto wa familia iliyomo katika asilimia 1 ya juu ya kipato anasimama wapi akilinganishwa na mtoto wa tabaka la kati? Jibu lilikuwa kwamba mtoto wa tajiri ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma katika vyuo hivyo. Narudia: alama ni zilezile.

Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokea katika udahili wenyewe, na sababu zake ni tatu. Ya kwanza na kubwa kuliko zote ni upendeleo wa watoto wa wahitimu. Ya pili ni nafasi za wanamichezo, na michezo yenyewe si mpira wa mtaani bali ni kama kupiga makasia na vitara, ambayo mtoto wa mfanyakazi wa kawaida haioni hata kwa macho. Ya tatu ni alama zinazotolewa kwa mambo yasiyo ya darasani: shughuli za nje, uongozi, barua za walimu na washauri. Shule binafsi ya ghali ina mshauri mwenye wanafunzi wachache ambaye kazi yake ni kuandika barua tamu na kuzifuatilia. Katika shule ya serikali mshauri mmoja ana mamia ya wanafunzi, wengine hawajui hata kwa jina. Utafiti uleule ulitazama pia vyuo vikuu vya umma vyenye sifa kubwa, na huko pengo la namna hiyo halikuonekana.

Kuna anayesema: vyuo 12 ni vichache, tunapoteza muda wetu kwa ajili ya watoto wachache. Ni kweli kwamba haifiki asilimia 1 ya Wamarekani wanaosoma humo. Lakini humo ndimo wametoka zaidi ya moja ya kumi ya wakuu wa makampuni 500 makubwa ya nchi hiyo, robo ya maseneta, na robo tatu ya majaji wa Mahakama ya Juu walioteuliwa katika nusu karne iliyopita. Maamuzi yao hayaishii kwao. Riba ikipandishwa Washington, msaada wa dawa ukikatwa, mipaka ikifungwa kwa wakimbizi, sisi huku tunajua siku hiyohiyo.

Nimesema sitazificha kasoro za mtihani. Kasoro kubwa ni hii: matajiri wanafanya vizuri zaidi, tena kwa mbali. Kwa takwimu za wachumi haohao, mtoto wa asilimia 1 ya juu ana uwezekano mara 13 kuliko mtoto wa familia ya kipato cha chini wa kupata 1300 au zaidi kati ya 1600. Wazazi wenye fedha hulipia tuisheni, hulipia kurudia mtihani, na zaidi ya hayo wamelipia miaka 12 ya shule nzuri, vitabu, meno mazuri na usingizi wa kutosha. Hili haliwezi kupuuzwa na mtu mwenye dhamira.

Lakini tufikiri vizuri kuhusu maana yake. Mama akimpeleka mtoto kliniki, muuguzi humweka kwenye mizani, kisha hachukui namba ile peke yake. Huiweka kwenye kadi, kwenye mstari wa umri wa mtoto, ndipo aseme kama ni nzuri au mbaya. Kilo tisa za mtoto wa mwaka mmoja si kilo tisa za mtoto wa miaka mitatu. Alama za mtihani zinadai usomaji wa namna hiyo. 1400 ya kijana aliyelelewa na mwalimu wa nyumbani wa hesabu na 1400 ya binti wa wakimbizi wa Kongo huko Lexington, Kentucky, anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni, na aliyejifunza aljebra kwa simu ya mama yake, hazina uzito mmoja. Afisa wa udahili mwenye uadilifu anaweza kuliona hilo, na vyuo vyenye uadilifu vimeanza kuzisoma hivyo. Ukiitupa mizani hujamnenepesha mtoto. Umepoteza tu njia ya kumjua anayedhoofika, na pia ya kumjua aliyekua licha ya njaa.

Mwaka 2020 mizani hiyo ilitupwa karibu kote. Janga la korona lilifunga vituo vya mitihani, vyuo vikasema kutuma alama ni hiari. Hapo hapakuwa na la kufanya. Lakini vingi vikaendelea hivyo hata baada ya vituo kufunguliwa, vikitaja usawa. Chuo Kikuu cha California kilikwenda mbali zaidi. Mapema mwaka 2020 kamati ya wahadhiri wake ilieleza kwamba alama za mtihani zilisaidia kutabiri maendeleo ya mwanafunzi, na kwamba ziliwasaidia baadhi ya wanafunzi wa familia duni kupata nafasi. Mwezi Mei bodi ya chuo ikaamua kuachana na mtihani hata hivyo.

MIT ilikuwa miongoni mwa vyuo vikubwa vya kwanza kuurudisha mtihani, Machi 2022. Maelezo yake yalikuwa ya wazi: kila mwanafunzi wa MIT, hata anayesoma muziki, lazima afaulu kalkulasi na fizikia. Bila mtihani chuo hakikuwa na njia ya kumtambua kijana mwenye uwezo aliyetoka shule isiyofundisha masomo ya juu. Kijana huyo hana cheti cha masomo ya ziada, hana mradi wa maabara, hana barua ya profesa rafiki wa baba yake. Ana alama zake za hesabu tu. Februari 2024 Dartmouth ikafuata, kisha Yale, Brown, Harvard na Caltech.

Dartmouth ndiyo iliyonihuzunisha zaidi. Chuo kiliwaomba watafiti wake wachunguze kilichotokea wakati alama zilipokuwa hiari. Walikuta kwamba vijana wa familia duni wenye alama za kama 1400 walikuwa wanazificha. Walitazama wastani wa wanafunzi wa Dartmouth, wakaona wako chini yake, wakaona aibu. Hawakujua kwamba afisa wa udahili, akiiona 1400 kutoka shule yao, angeinua kichwa na kusoma faili mara ya pili. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Mtoto wa mhitimu yeye anaye wa kumwambia. Yuko mezani kwake kila jioni.

Hapa niseme kidogo kuhusu kashfa ya Machi 2019, kwa sababu wengi huitumia kama ushahidi kwamba mtihani nao unanunuliwa. William Singer, mshauri wa udahili wa California, alipokea karibu dola milioni 25 kutoka kwa wazazi. Kwa fedha hizo aliwahonga makocha na wasimamizi wa mitihani, na akamwajiri mtu wa kuwafanyia watoto mtihani au kuwasahihishia majibu. Mwenyewe aliita njia yake mlango wa pembeni. Wazazi kadhaa walifungwa, na yeye akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Ni kweli, mtihani ulinunuliwa. Lakini tazameni ilivyobidi: kuhonga, kughushi, kuingia gerezani. Singer alisema pia kwamba kuna mlango wa nyuma, ule wa kutoa mchango mkubwa kwa chuo. Huo hakuna aliyefungwa kwa sababu yake, maana ni halali. Na anayepita kwa jina la baba hahitaji hata mlango wa nyuma. Anapita mbele, mchana, na kisanduku cha kuweka alama ya vema kimechapishwa kwenye fomu.

Watetezi wa upendeleo huu wana hoja mbili ambazo zinastahili jibu. Ya kwanza ni fedha: tukiwakatalia watoto wao, wahitimu hawatachangia, na michango ndiyo inayosomesha maskini. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, chini ya Ronald Daniels, kiliacha upendeleo huu mwaka 2014 kimyakimya. Kati ya 2009 na 2019 watoto wa wahitimu walishuka kutoka asilimia 12.5 ya wanafunzi wapya hadi 3.5, na wanafunzi wanaostahili ruzuku ya serikali kwa familia maskini wakapanda kutoka asilimia 9 hadi 19. Mwaka 2018 mhitimu wake Michael Bloomberg akakipa dola bilioni 1.8 za kusaidia wanafunzi wasio na uwezo. MIT na Caltech hazina upendeleo huu, na hazijafilisika.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wamarekani Weusi waliozuiwa vyuo hivi kwa vizazi sasa ni wahitimu, watoto wao wamefika umri wa kuomba, na ndiyo kwanza tunawaambia zawadi imefutwa. Naelewa uchungu wake. Lakini karibu asilimia 70 ya waombaji wa Harvard wenye uhusiano na wahitimu au wafadhili ni Wazungu. Ukiuacha mfereji huo wazi kwa ajili ya mtoto mmoja Mweusi wa mhitimu, unapitisha wengi wasiohitaji msaada wowote, na nafasi zinazoisha ni za watoto Weusi ambao baba zao hawakufika popote.

Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku kuzingatia rangi katika udahili. Jaji Neil Gorsuch, aliyekuwa upande wa walioshinda, aliandika kwamba upendeleo wa watoto wa wahitimu na wafadhili huwanufaisha zaidi Wazungu matajiri. Lakini hukumu haikuugusa. Kwa hiyo leo, katika nchi hiyo, chuo hakiruhusiwi kumwongezea alama mjukuu wa waliokuwa watumwa kwa sababu ya rangi yake, ila katika majimbo mengi kinaruhusiwa kumwongezea mjukuu wa mhitimu kwa sababu ya historia ya babu yake. Sioni namna ya kuitetea sheria iliyosimama hivyo.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Waombaji wa Marekani wamengoja miaka 100. Sasa kuna dalili. Colorado iliuzuia upendeleo wa watoto wa wahitimu katika vyuo vya umma mwaka 2021. Mwaka 2024 Virginia na Illinois zikafanya hivyo, Maryland ikavijumuisha na vyuo binafsi, na California ikatunga sheria kwa vyuo binafsi iliyoanza kutumika Septemba 2025. Stanford iliona heri iachane na fedha za ruzuku za jimbo kuliko kuuacha upendeleo. Chuo chenye utajiri kama ule kimetuonyesha kile kinachokithamini.

Kwetu Tanzania mtahiniwa wa Baraza la Mitihani huandika namba, haandiki jina. Mtoto wa kigogo na mtoto wa mama lishe wanafika kwa msahihishaji wakiwa tarakimu tu. Tuna malalamiko mengi kuhusu mitihani yetu, na mengi ni ya haki, lakini tusiichezee namba hiyo. Tunajua mambo yanavyokuwa pale namba inapoisha na kimemo kinapoanza.

Vijana wetu wameshaonyesha namba inavyoweza kuvuka bahari. Mwaka 2004 Mike Boit, mwanariadha wa Kenya aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na mwandishi wa habari John Manners walianzisha mpango uitwao KenSAP. Waliwatafuta wanafunzi waliofaulu sana mtihani wa taifa, wengi kutoka familia za wakulima wadogo wa Bonde la Ufa, wakawaandaa kwa SAT, wakawasaidia kuomba. Wengi wakapokelewa na vyuo hivyohivyo ninavyovizungumzia. Hawakuwa na babu aliyesoma Harvard wala Yale. Walikuwa na matokeo yao.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwenu wanafunzi, mlioko hapa na ndugu zetu walioko Kentucky, Iowa, Minnesota na kwingineko. Chuo kikisema kutuma alama ni hiari, usilinganishe alama zako na wastani wa chuo peke yake. Zilinganishe na shule uliyotoka. Ikiwa umewapita kwa mbali waliosoma pamoja nawe, zitume, na umwombe mwalimu wako aeleze katika barua yake shule yenu ina nini na haina nini.

La pili ni kwenu mliosoma vyuo hivyo na kurudi, au mliobaki huko na kujenga. Mko wengi kuliko mnavyodhani, na watoto wenu wanakua. Baada ya miaka michache mtoto wako atakuwa mbele ya ile fomu yenye kisanduku, na moyo wa mzazi najua ulivyo. Usisubiri siku hiyo. Mwandikie mkuu wa chuo chako sasa, kabla mtoto hajaanza kidato cha kwanza, umwambie mchango wako utaendelea na kwamba unataka kisanduku kile kiondolewe. Johns Hopkins, Amherst na Wesleyan wameshauacha upendeleo huo. Barua ya mhitimu huwa inasomwa.